Skauti wakifika miaka 13 au 14 wanatoweka. Viongozi wa kujitolea, tatizo ni nini hasa?

#1 Skafu Mbili (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naomba viongozi wa skauti mliomo humu tusaidiane mawazo, na wale mliowahi kuwa skauti mkaacha mtuambie ukweli.

Kila kundi ninalolitembelea naona jambo lile lile. Wadogo wa miaka 8 hadi 11 wamejaa, wanafika uwanjani kabla ya kiongozi. Wa miaka 12 bado wapo. Ukija kwenye 13 na 14, safu ya nyuma inaanza kupukutika. Kijana anakuja skafu kaikunja kaitia mfukoni, anaivaa akishaingia ndani, na filimbi ya mwisho ikilia anaivua kabla hajafika getini. Baada ya wiki chache humwoni tena.

Dai langu: tunawafukuza wenyewe kwa kushika kila kitu. Mtu mzima ndiye anayepanga ratiba, anayefundisha mafundo, anayepuliza filimbi, anayegawa kazi, anayehesabu watu, kisha anafunga kwa nasaha ndefu jua likiwa kali. Kiongozi wa kikosi, yule kijana anayeongoza timu ndogo ya wenzake, kazi yake ni kushika bendera ya kikosi, basi. Mtoto wa miaka tisa anaridhika na hilo. Wa miaka kumi na minne, ambaye nyumbani anaachiwa wadogo zake awaangalie mchana kutwa, hawezi kuridhika.

Nipingeni kwa hoja.

#2 Fundo la Pili

Sikupingi, nakazia. Vijana kuongozana wenyewe ndiyo iliyokuwa roho ya skauti tangu kambi ya kwanza pale kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1908. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwagawa watoto katika vikosi, kila kikosi na kiongozi wake kijana. Sisi tumechukua sare na saluti, roho tukaiacha huko huko.

#3 Mzee wa Kambi

Rekebisho kwa #2: Brownsea ilikuwa 1907, mwanzoni mwa Agosti. 1908 ndio mwaka kitabu chake, Scouting for Boys, kilipoanza kutoka, tena kwa vipande vipande.

Walikuwa vijana kama 20 hivi, wengine kutoka shule za matajiri na wengine kutoka familia za wafanyakazi, akawachanganya makusudi. Vikosi vilikuwa vinne, kwa hiyo kila kikosi kilikuwa na watoto watano au sita tu. Hilo la idadi ndilo watu wanalolisahau. Unamkabidhi kijana wa miaka 14 kikosi cha watu 15, kinamshinda, halafu unasema vijana hawawezi kuongoza. Mpe sita, wakizidi sana wawe wanane, na umpe naibu anayeelewana naye, mtu aliyemchagua mwenyewe. Halafu ndiyo umpime.

#4 Mwalimu wa Jumamosi

Mleta uzi, hoja yako nzuri ila umeipa mzigo usiouweza. Wangu wengi wanaondoka kwa sababu ya mitihani. Mzazi anakuja ananiambia waziwazi, "Mwalimu, mwaka huu ni wa masomo, skauti baadaye." Hapo hata kikosi kingekuwa kinaongozwa na malaika, mtoto haji.

Kilichonisaidia ni kuacha kudai mahudhurio ya kila wiki kwa walio kwenye mwaka wa mtihani. Wanakuja mara moja kwa mwezi kwa jambo kubwa: safari ya miguu, kambi ya usiku mmoja, mradi wa kijamii. Jina lao linabaki kwenye kikosi, nafasi yao haigawiwi. Mtihani ukiisha, baadhi yao wanarudi. Ukimfuta kwenye daftari, amekwenda moja kwa moja.

#5 Mama Hema

Habari zenu. Naona wanaume mnajadili Brownsea. Mimi nataka kuuliza: hao wanaotoweka mmeshahesabu wangapi ni wasichana?

Binti wa miaka 13 haachi skauti kwa sababu ya nasaha ndefu. Anaacha kwa sababu mmepanga kambi ya siku tatu kwenye kiwanja chenye choo kimoja kisicho na komeo, hakuna mahali pa kunawa peke yake, na kiongozi wa kike hayupo. Akianza hedhi huko amwambie nani? Yule kaka mwenye filimbi?

Kwangu hakuna kambi bila haya: mwanamke mtu mzima anayelala kambini, choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya taka za taulo za kike, na mkoba wa vitu hivyo unaokaa mahali ambapo binti anajichukulia mwenyewe bila kuomba. Napenda kusisitiza hilo la kutoomba. Kabla ya safari nawakusanya mabinti peke yao, nawaonyesha mkoba ulivyo na utakapokaa. Mazungumzo mafupi kabisa, na wale niliowazoea kuwaona wakitafuta udhuru wa kutokwenda kambini wanakuja.

#6 Skafu Mbili

Mama Hema, asante, hili sikuliona likisemwa kwenye kozi yoyote. Nalichukua kama lilivyo.

#7 Kijiti cha Doria

Nirudi kwenye dai la #1, maana "waachieni vijana waongoze" ni rahisi kusema. Wengi wakisikia hivyo wanakaa pembeni na simu, vijana wanavurugana, baada ya wiki mbili mtu mzima anarudi na filimbi yake akisema mfumo umeshindwa.

Mimi nafanya hivi. Kila mwisho wa mwezi kuna baraza la viongozi wa vikosi. Wanakaa wao na manaibu wao, mmoja wao anaendesha kikao, mimi nakaa pembeni ya duara. Wanajibu maswali matatu tu: mwezi uliopita nini kilichosha watu, mwezi ujao tunafanya nini, nani anashika nini. Nina haki ya kukataa jambo moja tu, la hatari. Wakipanga kitu ambacho mimi nakiona cha ajabu lakini hakimdhuru mtu, kinafanyika.

Halafu kuna mambo manne ambayo uamuzi wake haumtoki mtu mzima: moto, maji ya kuogelea, kupanda juu, na barabara. Hapo kijana anaweza kuendesha shughuli lakini mtu mzima amesimama pale pale, macho yapo. Mengine yote ni yao. Kikosi kikisahau kubeba sufuria, kikosi hicho kitakwenda kuazima kwa kikosi jirani na kusubiri zamu. Usikimbilie gari kuwaletea. Safari inayofuata utakuta kiongozi wa kikosi anapekua mizigo jioni ya kuamkia safari, karatasi mkononi, anatia alama kitu kimoja kimoja, na wala hakuna aliyemtuma.

#8 Bawa la Tai

Kijiti, maneno matamu, lakini mtoto akiumia mzazi atakuuliza wewe. Hatamuuliza kiongozi wa kikosi wa miaka 14. Kwenye kambi moja niliyokuwapo msichana alimwagikiwa na maji ya moto mkononi kwa sababu "vijana wanaongoza jiko." Bahati nzuri tulimpaka mafuta haraka.

#9 Nesi Msafiri

Bawa la Tai, pole kwa lililotokea, ila hapo pa mafuta lazima niingie, wasomaji wasije wakaiga. Mtu akiungua usimpake mafuta, siagi, dawa ya meno wala yai. Vinazuia joto kutoka na vinaweza kuleta maambukizi. Mwagia maji ya kawaida yanayotiririka, yaliyo baridi lakini si barafu, kwa dakika 20 kamili. Ishirini ni ndefu, watoto watakwambia imetosha baada ya mbili, endelea. Vua pete, saa na bangili mapema kabla hapajavimba. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitu safi kisichogandia kidonda. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au likiwa usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, huyo apelekwe hospitali bila mjadala. Yule wa mkono ni wa hospitali.

Na kabla ya kambi yoyote kila mtoto awe na fomu: mzio, dawa anazotumia, pumu, kifafa, simu mbili za watu wa nyumbani. Fomu ikae mfukoni kwa mtu mzima aliyepo kambini. Mara nyingi naikuta kwenye faili ofisini, na huko haimsaidii mtoto anayebanwa na kifua porini usiku. Mtoto mwenye pumu bomba lake la dawa ya kuvuta libaki naye mwenyewe, usilifungie kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

#10 Kijiti cha Doria

Nakushukuru Nesi. Na Bawa la Tai, naona umenisoma nusu. Nimesema moto, mtu mzima amesimama pale pale. Maji yanayochemka ni moto.

#11 Bawa la Tai

Sawa, hapo nimekuelewa. Ila bado nasema wengi watakaosoma uzi huu watachukua "waachieni" na kuacha "simama pale pale."

#12 Mlinzi wa Lango

Ndugu zangu, kuna sababu nyingine ya vijana kuondoka ambayo hatuitaji kwa sababu inauma. Wengine wanaondoka kwa sababu kuna mtu mzima waliyemkimbia. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akaacha ghafla bila sababu, msiseme tu "amekua." Muulizeni, na asiulizwe na kiongozi wake.

Mkutano wa Skauti Duniani mwaka 2002, pale Thessaloniki, ulipitisha azimio la kuwaweka skauti salama dhidi ya madhara. Kwenye uwanja wenu azimio linageuka kuwa mambo madogo ya kila siku. Mtu mzima hakai na mtoto peke yao mahali pasipoonekana, siku zote wawe watu wazima wawili au muwe mahali ambapo wengine wanawaona. Watu wazima hawalali hema moja na watoto. Ujumbe wa simu unakwenda kwenye kundi ambalo mtu mzima mwingine yumo, hakuna kuandikiana na mtoto faragha usiku eti unamkumbusha mazoezi. Hakuna adhabu ya kupiga, kupiga magoti juani wala kunyimwa chakula. Mtu mpya akijitolea, ulizeni huko alikotoka kabla hamjamvisha skafu.

Na mtoto akija kukueleza jambo zito, usimwahidi kwamba itakuwa siri. Msikilize, mwambie umefanya vizuri kusema, usimhoji kama polisi, andika maneno yake kama alivyoyatamka, peleka kwa mhusika wa ulinzi wa watoto siku hiyo hiyo. Nimeona viongozi wema kabisa wakiharibu hapa kwa kuanza kumhoji mtuhumiwa wenyewe.

#13 Mwalimu wa Jumamosi

#12 ibandikwe juu kabisa.

Nina swali dogo. Kijana akiniomba tuzungumze peke yetu, nimkatalie? Atajisikia nimemfukuza.

#14 Mlinzi wa Lango

Usimkatalie. Tembeeni naye kandokando ya uwanja, wengine wanawaona lakini hawawasikii. Mwenzako ajue uko na nani. Faragha ya masikio inatosha, ya macho haihitajiki.

#15 Fundo la Pili

Nasoma kwa makini. Mzee wa Kambi, niwekee hili sawa pia kwa kuwa unapenda tarehe: Baden-Powell si alizikwa Uingereza?

#16 Mzee wa Kambi

Unanichokoza. Alifariki Januari 8, 1941 na kaburi lake lipo Nyeri, Kenya. Kwenye jiwe kuna duara lenye nukta katikati, ile alama ya njia inayosema "nimekwenda nyumbani." Wafundishe watoto alama za njia kisha uwaonyeshe picha ya jiwe hilo bila kusema kitu. Waache walisome wenyewe. Kwangu hakuna somo la historia lililowahi kuwanyamazisha watoto kama hilo.

#17 Kamba Ngumu

Tukiwa kwenye kufundisha, niongeze sababu yangu: vijana wanaondoka kwa sababu mafundo hayafungi kitu. Wanafunga kipande cha kamba chenye urefu wa mkono, kiongozi anatia alama, wanafungua. Miaka minne kipande kile kile! Kijana wa miaka 14 apewe nguzo na kamba ndefu ajenge meza ya kambi, mnara mdogo, daraja la kuvukia mtaro. Fundo likiwa baya meza inaanguka, na hapo humhitaji mwalimu.

Pia acheni kuwafundisha kuunganisha kamba mbili za kubeba uzito kwa lile fundo la kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia. Lile ni la kufungia bandeji na vifurushi. Likivutwa vibaya, au kamba zikitofautiana unene, linafyatuka. Nimeona kundi wamefungia chelezo kwa fundo hilo na watoto wamekaa juu yake.

#18 Beji Kumi

Kamba Ngumu, mimi nimekuwa nikiamini beji ndizo zinazowabakiza. Kwangu kijana anayekaribia beji kubwa haondoki.

#19 Kamba Ngumu

Anabaki mpaka aipate. Akishaishona begani je?

#20 Beji Kumi

Akishaipata namkabidhi kazi ya kufundisha wadogo. Ndiyo ngazi inayofuata.

#21 Naibu Mstaafu

Samahani wakubwa zangu, nina miaka 18, nimeacha mwaka jana. Kwa kuwa mleta uzi ameomba ukweli, shikamooni, na naomba niseme.

Mnaomjibu Beji Kumi, mimi ndiye yule kijana. Nilipofika 14 kila wiki nilipewa wadogo. "Wewe mkubwa, waangalie hawa." Nilikuwa nawapenda, lakini shughuli yangu mimi haikuwepo. Wadogo wanacheza, mimi nahesabu. Wadogo wanapewa beji, mimi nashika sahani ya beji. Kiongozi aliiona ile kama heshima kubwa aliyonipa. Nilitaka nipande mlima na wa rika langu, nipotee kidogo na ramani, nilale nje, niulizwe maoni. Kufundisha wadogo ningeifanya kwa furaha kama ingekuwa nusu ya muda.

Na skafu mfukoni, mleta uzi: si kwamba tunaionea aibu skauti. Ukikutana na wenzako wa shule njiani ukiwa umevaa sawasawa na mtoto wa darasa la tatu, ndiyo aibu. Wakubwa wapewe kitu cha kuwatofautisha.

#22 Mama Hema

Marahaba mwanangu. Usingestaafu mapema hivyo.

#23 Beji Kumi

Naibu, nimekusoma mara mbili. Nitawauliza wangu swali hilo hilo la nusu ya muda.

#24 Kijiti cha Doria

Hiyo ndiyo maana wakubwa wanatakiwa wawe na sehemu yao. Kuanzia kama miaka 15 wawe na mkutano wao wenyewe, siku tofauti ikibidi, na safari zao ambazo wadogo hawaendi. Wadogo wakiziona picha watakuwa na kitu cha kukingoja.

#25 Mwalimu wa Jumamosi

Kijiti, sehemu tofauti inahitaji kiongozi mwingine. Wengi wetu tuko wawili, na tukizingatia #12 hatuwezi kugawanyika mmoja huku mmoja kule. Kabla ya kufungua sehemu mpya tafuteni watu. Wazazi wanakataa wakiombwa "jitolee uwe kiongozi," kwa sababu hawajui inaishia wapi. Omba kitu chenye mwanzo na mwisho: njoo Jumamosi moja ufundishe kutengeneza baiskeli, njoo ulale kambini usiku mmoja. Wachache watarudi wenyewe.

#26 Skafu Mbili

Wakuu, nimejifunza mengi na bado dai langu sijaliachia, ila naona limeongezewa ndugu: mitihani, vyoo, usalama, mafundo yasiyofunga kitu, wakubwa kugeuzwa walezi. Swali la vitendo sasa. Mtu mwenye kundi dogo, watoto 11 wa miaka 9 hadi 15, anagawa vipi vikosi? Achanganye rika au atenganishe?

#27 Mzee wa Kambi

Changanya. Vikosi viwili, watano na sita, mkubwa ndiye kiongozi. Ndivyo mdogo anavyojifunza kutoka kwa mkubwa bila mwalimu.

#28 Kamba Ngumu

Tenganisha. Mzee, umesoma #21? Wa miaka 9 na wa miaka 15 hawatembei mwendo mmoja. Safarini ama mdogo anaburuzwa ama mkubwa analala njiani.

#29 Kijiti cha Doria

Changanya kwa mikutano ya kawaida, tenganisha kwa safari. Vikosi vibaki vile vile mwaka mzima, lakini mara moja kwa mwezi wenye miaka 13 na kuendelea wanatoka peke yao, na siku hiyo manaibu ndio wanaoongoza wadogo waliobaki. Naibu anapata mazoezi, mkubwa anapata safari yake.

#30 Nesi Msafiri

Na siku hizo mbili ziwe tarehe tofauti kama watu wazima ni wawili tu. Msigawanyike.

#31 Fundo la Pili

Naongezea safarini kwa walio wadogo: kila mtoto awe na mwenzake, wawili wawili, siku nzima. Filimbi ikilia kila mmoja anamshika mwenzake mkono na kuunyanyua. Ukiona mkono uko peke yake unajua papo hapo nani hayupo, huna haja ya kuita majina. Na mkisikia ngurumo ya radi msikimbilie chini ya mti, ingieni kwenye jengo au gari lenye paa la chuma, mkae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

#32 Bawa la Tai

Dakika 30 na watoto 11 ndani ya gari. Hapo ndipo mleta uzi atakapoiruhusu nasaha yake ndefu.

#33 Naibu Mstaafu

Hapana, hapo ndipo pa kumwachia kiongozi wa kikosi aanzishe nyimbo.

#34 Skafu Mbili

Naibu, Jumamosi hii viongozi wa vikosi wanakaa baraza lao la kwanza kwa utaratibu wa #7. Kama unasoma hapa na una nafasi, ningependa uje ukae nao, si kwa ajili ya wadogo. Niandikie hapa hapa kwenye uzi, wote waone.